Nyumba ya Papa, Matofali ya Kambo

Lubumbashi, tarehe 14 Mei 2023

Kwa Yaya Kabedi, dada yangu mukubwa,

Simu ulinifungia tangu matanga ya Papa, njo juu ya ile nakuandikia barua sawa bantu ba zamani. Natuma na chauffeur wa basi. Usimukasirikie, yeye haiko na kosa.

Nyumba ya Kamina, titre yake, karatasi ya nyumba, iko na jina yangu. Papa mwenyewe njo aliiandikisha vile, minyi sikumulomba. Mwaka huu, mvua ikisha kwisha, nitaibomoa. Tangu Kamina ilikuwa kichwa cha provense, bantu ba bureau banatafuta fasi kila siku na habaone. Nitajenga étage: chini maduka, juu bureau, ofisi za kukodisha. Plan iko tayari, na Tshibangu, mukubwa wa bafundi bangu, atakuja kuisimamia. Weye nitakujengea vyumba mbili ku nyuma, na mlango yake. Hautalala inje.

Tafazali usiniandikie mambo ya kumbukumbu. Ile nyumba bazungu ba reli baliijenga mbele Papa azaliwe. Umeme unatoa cheche mu kuta, choo iko mbali, na kila mwaka weye unaipaka chokaa sawa muntu anapaka maiti poda.

Mwisho wa mwezi wa munane utoe bintu byako.

Ni minyi,
Émile


Kamina, tarehe 3 Juni 2023

Émile,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana sikutaka kuikalia. Chauffeur nimempa maji ya kunywa na kiti. Yeye alisalimu.

Papa alipougua, ni nani aliyemgeuza kitandani? Ni nani aliyemnyoa? Wewe ulifika Kamina kaburi likiwa limeshafunikwa, viatu vinang'aa, ukauliza karatasi za nyumba kabla hujauliza marehemu alisema nini mwishoni. Basi usiniandikie kwamba hukuomba. Mtu anaweza kuomba kwa macho.

Unajiita mjenzi. Hebu nikuambie unachotaka kukibomoa, kwa sababu ulikulia ndani yake na hukuwahi kutazama juu. Msingi ni wa mawe, umeinuliwa hadi magotini, na juu ya mawe limelazwa bati lililokunjwa ukingo kwenda chini, ili mchwa akipanda agonge kichwa na kurudi. Kuta ni tofali moja na nusu kwa unene. Joto la mchana linatembea ndani yake polepole, na likifika chumbani jua limeshazama. Chini ya paa, pande zote, wameacha matundu. Upepo unapita juu ya dari na kuondoka na joto. Juu ya kila dirisha kuna kipande cha reli kuukuu kinachobeba uzito. Barza iko magharibi, ili jua la alasiri liishie kwenye nguzo. Na mle ukutani hakuna simenti hata kidogo, ni chokaa na mchanga. Ardhi yetu inavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Chokaa inasogea nayo, simenti inapasuka. Duka ulilomjengea rafiki yako Xavier karibu na soko halijamaliza miaka minne, na ufa wake naingiza vidole.

Nimefundisha watoto wa mji huu maisha yangu yote. Niliwaleta wanafunzi barzani kwangu kuwaonyesha nyumba ni nini. Wewe unataka kuweka pale sanduku la bloki lenye vioo, watu waoke ndani kama mikate.

Na hivyo vyumba viwili vya nyuma, vyenye mlango wake: unaniweka boyeri kama mtumishi, Émile?

Sitoki. Njoo unitoe kwa mikono yako.

Kabedi


Lubumbashi, tarehe 20 Juni 2023

Yaya,

Weye njo umeandika ile neno, hapana minyi. Boyeri. Vizuri, tuisemee.

Umenifundisha kuta, umenifundisha upepo. Asante, mwalimu. Lakini haukusema nani alifanya ile matofali. Ni Kambo Kaumba, baba ya Papa. Alikuwa kijana tu. Yeye na benzake balichimba udongo mu kichuguu, baliukanyaga na miguu, balitia mu forma, balichoma mu tanuru. Nyumba kwisha, muzungu akapenda vile Kambo anatii, akamubakisha awe boy wake. Akamupa chumba ku nyuma. Papa alizaliwa mule.

Sasa tuangalie ule mujengo na macho ya fundi, sawa vile unapenda. Nyumba kubwa: tofali moja na nusu. Boyeri: nusu tofali. Nyumba kubwa: chokaa. Boyeri: udongo tu. Nyumba kubwa iko na dari na matundu ya upepo. Boyeri haina dari, manjanja, bati ya paa, iko pale juu ya kichwa yako, mchana inakuunguza na usiku inakumwangia maji ya baridi. Cuisine, jiko yao, baliweka katikati, na ule upepo yako muzuri ya magaribi unapeleka moshi yote mu boyeri. Na dirisha? Iko juu kabisa, karibu na paa, ndogo sawa kitabu. Muntu akisimama mule ndani haone barza. Habakupenda boy abaangalie bakikunywa.

Usiniambie ni juu habakujua. Bantu benye balijua namna ya kujenga baridi, balijua namna ya kujenga joto. Zote mbili balizijenga mwaka moja, na tanuru moja, na mikono ya muntu moja.

Na kisha bazungu balienda, Papa akapata nyumba juu alikuwa mukubwa mu reli. Baba yake alilala fasi gani, Yaya? Alilala mu boyeri. Mpaka kufa. Minyi njo nilikuwa napeleka sahani yake kila jioni. Weye ulikuwa unasoma vitabu ku barza.

Kwa hiyo ile nyumba, kuiangusha nitafurahi. Étage ni kisingizio tu yenye inalipa.

Émile


Kamina, tarehe 8 Julai 2023

Émile,

Sasa umefika mahali pabaya.

Kambo alikataa mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikuwa mtoto wa kudanganywa. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko nikasikia kwa masikio yangu. Papa alikuwa mlangoni pa boyeri, kofia mkononi, anamwambia: "Tata, njoo ndani. Chumba chako kipo, kitanda kipo." Akamwambia tena na tena. Kambo akajibu hapana. Papa alilia, Émile. Yule mwanaume ambaye hakulia alipozikwa Mama, alilia mlangoni pa boyeri. Nami nikamwona mzee mwenye kichwa kigumu, amezoea moshi wake, hataki kitanda cha chuma.

Wewe ulikuwa mdogo. Ulibeba sahani, lakini hukujua kwa nini unaibeba. Sasa Papa yuko chini ya udongo na hawezi kukujibu, unakuja kumpaka matope ili upate mahali pa kuweka maduka. Unamfanyia biashara Kambo aliyekufa. Yule mzungu angalau alimlipa posho.

Tena ujue: nimeandika kwa ofisi za provense, wale wa utamaduni na wale wa urbanisme, wanaosimamia ujenzi wa mji. Watu wawili walikuja na mita, wakapima kuta, wakapiga picha barza na yale matundu ya paa. Wamesema nyumba za namna hii zinakwisha Kamina na hii ni nzima kuliko zote. Wameahidi kutoruhusu ibomolewe bila kibali chao. Usipoelewa, tutaonana mahakamani, na nitavaa kitambaa changu cha Kipendano, chama chetu cha wanawake, ili majaji wajue ni mama wa kanisa aliyeletwa pale na mdogo wake.

Jina la Papa usilitaje tena.

Kabedi


Lubumbashi, tarehe 25 Julai 2023

Yaya,

Nitalitaja mara moja, kisha nitanyamaza.

Nilikuwa na miaka saba. Papa alikuwa na bageni, bakubwa ba reli benye balitoka huku Lubumbashi. Banakula mu salon ya nyumba. Weye ulikuwa ku korali, unaimba kanisani. Minyi nilikuwa chini ya dirisha nachezea vifuniko bya chupa.

Kambo akapita ku mlango ya mbele. Alibeba kuku, alikuwa ameinunua yeye mwenyewe juu ya ile bageni, alitaka kumupa mwana wake heshima. Koti imeloa, miguu na udongo, udongo ile ikabaki chini, ku simenti yenye ilikuwa inang'aa. Mugeni moja akauliza: "Huyu ni nani?"

Papa akajibu: "Ni muzee wa kazi. Tulimukuta na nyumba."

Tulimukuta na nyumba. Sawa muntu anasema juu ya kabati.

Kambo akaweka kuku chini polepole. Akasema: "Ndiyo, patron." Akatoka, hapana na mlango ya mbele. Alipita cuisine, akaenda nyuma.

Sijawahi kuambia muntu. Ata bibi mwenye nilioa hajue. Weye unaona ile mlango na mbao yake ya zamani, unasema ni kazi nzuri. Minyi nikiiona nasikia aibu. Tangu nilianza kujenga, hakuna nyumba ya muntu nilijenga na chumba ya boy ku nyuma. Banalomba, nakatala, banatafuta fundi mwingine.

Kama unasema nadanganya, tantine Augustine iko hai ku Kaniama. Yeye ni mutoto ya Kambo sawa Papa, na siku ile alikuwa mu cuisine anakaanga samaki. Enda umuulize. Lakini hautaenda, juu unaogopa.

Émile


Kamina, tarehe 29 Agosti 2023

Émile,

Nilikwenda.

Nilikwenda Kaniama kwa sababu uliniita mwoga. Kwa pikipiki, katika lile vumbi, na mgongo wangu huu. Tantine ni dhaifu, macho yamekwisha, lakini kichwa chake kizima. Nilikaa naye wiki, nikamfulia, nikamsagia mahindi. Nilirudi na treni ya mizigo.

Nilifungua mlango wa mbele nikaona mbingu ndani ya salon.

Paa halipo. Mabati yote yamepangwa kwenye bustani yangu, juu ya mchicha. Mbao za dari zimevunjwa na kutupwa barzani. Vitabu vyangu vimefunikwa na vumbi na kinyesi cha popo waliokuwa wakilala juu ya dari tangu wakati wa bazungu. Na yule Tshibangu wako ameketi kwenye kiti cha Papa, anakula.

Nikamuuliza: "Nani amekutuma?"

Akasema: "Mama, patron alisema nyumba ikiwa tupu nianze. Nilikuta tupu."

Nikamfukuza na ufagio. Mtu mzima, anakimbia na sahani yake mkononi. Majirani wakacheka, mimi sikucheka.

Sasa naelewa kwa nini ulinituma Kaniama. Ile hadithi ya kuku, ile aibu yako, yote ilikuwa ufunguo wa kunitoa nje ya nyumba. Umemtumia babu yako kama mwizi anavyotumia nyama kwa mbwa.

Nimekwenda urbanisme siku ileile. Wameweka alama nyekundu ukutani, kazi imesimamishwa, na Tshibangu ameambiwa akionekana pale tena atalala polisi.

Mimi nimehamia boyeri, kwa sababu ndiyo pekee yenye paa.

Alichoniambia tantine sikiandiki hapa. Hustahili kukisikia.

Kabedi


Lubumbashi, tarehe 2 Oktoba 2023

Yaya,

Sikukutuma Kaniama juu ya kuiba paa. Unaweza kuamini, unaweza kukatala. Nilimwambia Tshibangu aanze mwisho wa mwezi wa munane, na asianze na muntu ndani. Alifika mbele ya ile siku, akakuta imefungwa, akaanza. Kama simu yako ingekuwa wazi, ningekuita, ningejua umesafiri. Weye njo uliifunga.

Na sasa uko na furaha? Urbanisme imesimamisha kazi, mvua iko karibu kuanza, nyumba iko bila paa. Ukitoa ile alama yao nyekundu, nitamaliza kazi. Ukiiacha, mvua njo itamaliza, na hakuna mwenye atapata kitu. Minyi niliitoa paa, weye ulifunga mikono ya bafundi. Usiniwekee yote minyi peke yangu.

Sikiliza sasa. Matofali usikubali bantu baibe. Tshibangu aligonga moja na nyundo, anasema ilimulilia sawa kengele. Leo hakuna muntu anachoma vile, kuni hakuna na uvumilivu hakuna. Nitayatia chini ya étage, mu maduka yote. Najua utacheka. Minyi nilisema nyumba ni ya kubomoa, sikusema Kambo hakujua kazi.

Nitakuja mwezi wa kwanza na lori. Mbele ya pale lori iko na kazi huku.

Mu boyeri usilale. Enda ku bamama bako ba Kipendano, balale na weye. Mule mvua ikipiga haulale.

Tantine alisema nini?

Émile


Kamina, tarehe 3 Desemba 2023

Émile,

Nimelala mule miezi mitatu. Ulikuwa na haki kuhusu dirisha. Siku ya kwanza nilipanda juu ya ndoo ili nione nje, nikaona ukuta wa jiko. Ulikuwa na haki kuhusu moshi pia, na kuhusu bati. Ninayaandika haya kwa sababu mwalimu akikosea ubaoni lazima afute, si kwa sababu nakupenda.

Sasa tantine. Nakuandikia kwa kuwa uliuliza kwa maneno matatu tu, bila kujipamba.

Papa alipopata funguo, mtu wa kwanza aliyemwingiza ndani alikuwa Kambo. Hilo wewe hulijui, mimi pia sikulijua. Tulikuwa bado tunaishi kwa wajomba, tukisubiri vyumba vipakwe rangi. Kambo alilala chumba cha mwisho, akatundika koti lake kwenye msumari, akazunguka kila asubuhi akigusa kuta zilizokuwa marufuku kwake. Tantine anasema alikuwa akiimba. Kisha wakubwa wa Lubumbashi wakaandika kwamba wanakuja. Papa aliona haya. Akamwambia baba yake: "Tata, lala kwanza boyeri, siku mbili tu, bageni wakienda utarudi." Kambo akakubali, na sisi watoto tulipohamia tulimkuta tayari yuko nyuma. Akanunua kuku. Yaliyofuata uliyaona chini ya dirisha, na tantine aliyasikia kutoka jikoni, neno kwa neno kama ulivyoyaandika.

Wageni wakaondoka. Papa akaenda mlangoni pa boyeri, ile jioni niliyosimama nyuma ya ukuta. Nilisikia "njoo ndani", nikasikia "hapana". Lakini Kambo alisema na neno lingine, kwa Kiluba, taratibu, ambalo sikulishika. Tantine alilishika. Alisema: "Zile siku mbili zako hazijaisha bado."

Papa alikwenda kila mwaka kumwomba. Kila mwaka alipewa jibu lilelile. Ndiyo maana alilia.

Nilikaa na jambo hilo ndani ya boyeri, mvua ikipiga bati hata sikusikia sala yangu mwenyewe. Asubuhi nilikuwa nasimama katika salon, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Lipu ilikuwa imevimba na kuanguka kwa vipande, chini yake matofali yanatokea mekundu kama siku yalipotoka tanuruni. Hayakuwa yameharibika hata moja. Nilikuwa nimeitetea ile nyumba kwa miezi yote ile, mlango, barza, upepo, na nilipoyatazama yale matofali nikajua sikuwa natetea kitu sahihi.

Nikarudi urbanisme. Wakaja, wakatazama juu, wakasema bila paa hakuna cha kulinda tena, wakaondoa alama yao. Nikaazima nyundo.

Hapa ndipo ningependa uone, wewe mjenzi. Ukuta wa simenti ukiuvunja unapata kifusi. Ukuta wa chokaa unagonga kidogo pembeni, tofali linaachia, unalikwangua, linakaa mkononi mzima. Nilianza peke yangu, na watu walidhani nimeshikwa na wazimu wa msiba. Mama Béthanie akaja siku ya pili na beseni. Kesho yake wakaja kumi. Bamama ba Kipendano wamebomoa nyumba yako wakiimba, Émile, tangu kwenye reli za madirisha hadi kwenye bati la mchwa. Tumesafirisha matofali kwa baiskeli na kwa mikokoteni, kupita mbele ya ofisi za gavana, hadi parseli ya marehemu Kitwa, mume wangu, ile uliyosema ni ya kulimia mihogo tu.

Fundi Bolingo amenijengea pale. Vyumba vitatu, kuta nene, chokaa, matundu ya upepo chini ya paa. Mabati ni yaleyale uliyoyatoa. Jiko liko ndani, chini ya paa moja na vitanda. Barza inatazama barabarani, na yeyote anayeingia anapita hapo, awe askofu au muuza mkaa.

Titre yako ni ya parseli. Parseli ipo, hakuna aliyeipunguza hata kidole. Nyumba ulitaka iondoke, imeondoka. Matofali hayakuwa ya Papa kukupa. Ukitaka kunishtaki, nenda, nitawaambia majaji kila neno lililo katika barua hii.

Jambo la paa sijakusamehe. Huenda hukunituma kwa hila, lakini ulimpa mtu amri ya kuvua nyumba ninayolala, na hilo linatosha.

Boyeri sikuigusa. Nimeifagia nikafunga mlango. Nilishindwa kuipiga nyundo, na wale wamama sikutaka waibomoe wakiimba.

Kabedi


Kamina, tarehe 16 Januari 2024

Yaya,

Nilifika jana. Barua yako nilikuwa nimeisoma ku Lubumbashi, lakini kusoma na kuona si kitu moja. Lori imejaa mifuko ya simenti, tukaingia mu parseli, iko wazi sawa kiwanja cha mpira. Imebaki boyeri tu, pale mwisho. Chauffeur akaniuliza: "Patron, nyumba iko wapi?"

Nikachukua moto, pikipiki ya kulipa, nikaja kwako na matusi tayari mu kinywa. Nilikuona. Ulikuwa ku barza na tantine Augustine, sikujua ulimuleta. Ulikuwa unamukata kucha. Nikamwambia motard asisimame. Tukapita. Nafikiri uliniona, juu uliinua kichwa, kisha ukaendelea na kucha.

Usiku sikwenda hoteli. Nililala mu boyeri. Nilitaka kulala fasi nilikuwa naacha sahani, juu minyi nilikuwa naiacha tu ku mlango, nakimbia, moshi ilikuwa inanichoma macho. Sikuwahi kuingia. Miaka yote nilikuwa nasema Papa, Papa, na minyi mwenyewe sikuwahi kukaa na Kambo mpaka amalize kula. Mvua ilianguka. Umeandika vizuri, muntu hasikie ata sala yake.

Sitaenda kwa majaji. Lakini usifikiri nimetulia. Bado niko na kasirani. Uliniachia udongo mutupu, na nilikuwa nimeambia bantu ba bureau bataingia mwezi wa tano. Na ungeweza kuniandikia mbele, haukuandika.

Asubuhi Tshibangu alichukua nyundo kubwa, akasema boyeri itaanguka mbele ya saa ya chai, kuta ni nusu tofali na udongo. Akainua. Nikamwambia aache. Akauliza juu ya nini, nikamurudisha ku lori, yeye na bafundi bote.

Hii minyi nitaifanya mwenyewe. Kuta nitaweza. Lakini manjanja ya paa ni ndefu, misumari imeshika kutu, na bati moja inataka muntu huku na muntu kule, bila ile inakunjika na kukata. Mu hii muji sijue muntu mwingine wa kumulomba.

Nitaanza kesho saa moja ya asubuhi. Hii barua namupa mama Béthanie, amepita hapa kuniangalia vibaya.

Émile


Kamina, tarehe hiyohiyo, jioni

Émile,

Nitakuja. Nitashika upande wa pili.

Usinisalimie.

Kabedi